Masharti Kabla ya Chuma: Uchoraji kwa Kompyuta kwa Mtengeneza Injini Ndogo wa Ridhaa

Anayetengeneza injini ndogo za mvuke kwa ridhaa yake ana uhuru ambao mhandisi wa kiwandani hana. Hakuna mteja anayemsubiri, hakuna tarehe ya kukabidhi kazi, na anaweza kukaa na kipande kimoja cha shaba mpaka kimridhishe. Kwa kuwa kazi yake ni ya tupa, jiliwa na mashine ya kukereza, ni rahisi adhani kwamba uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta, ambao wengi wanauita CAD, ni jambo la viwanda vikubwa lisilomhusu. Mimi nilijifunza uchoraji huo ukubwani, jioni baada ya kazi, kwa ajili ya mifano midogo tu na si kwa ajili ya ajira, na nimefikia imani kwamba faida yake kubwa kwetu si ule mchoro safi unaotoka mwishoni. Faida yake ni kwamba unamlazimisha mchoraji aamue, kabla hajagusa chuma, ni kipimo kipi kinachotawala na kipi kinachofuata.

Wengi wetu huanza kwa kufuata mchoro wa mtu mwingine. Utamaduni wa kuchapisha michoro kwa ajili ya watengenezaji wa ridhaa ni wa zamani: jarida la Model Engineer lilianzishwa na Percival Marshall nchini Uingereza mwaka 1898, na tangu hapo injini za mvuke, garimoshi ndogo, boti na vifaa vya karakana vimechorwa, vikachapishwa toleo baada ya toleo, na kutengenezwa na watu wasiojuana. Michoro hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo ina tabia moja ambayo kila aliyeifuata anaifahamu, nayo ni kutoa vipimo bila kutoa sababu zake. Mchoro husema kwamba tundu liko robo inchi kutoka ukingoni. Hausemi kama robo hiyo imetokana na nafasi inayohitajiwa na nati, au na unene wa ukuta wa silinda, au na mapenzi ya mchoraji kwa namba nyepesi kukumbuka. Anayetaka kuukuza mfano huo mara moja na nusu, au kuweka skrubu za milimita mahali pa zile za inchi, ndiye anayegundua kwamba hajui ni namba gani anaruhusiwa kuigusa.

Wazo la kuandika sababu ndani ya mchoro wenyewe lina umri mkubwa kuliko kompyuta zote tunazozitumia majumbani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT tasnifu yake ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 kwa kalamu ya mwanga iliyoelekezwa kwenye kioo. Kalamu hiyo ndiyo inayotajwa zaidi, lakini kwangu mimi uzito uko kwingine: mtumiaji aliweza kuchora mistari kwa mkono usio makini, kisha akaamuru kwamba huu na ule iwe sambamba, na huu ulingane urefu na mwenzake, na kompyuta ikaisogeza mistari mpaka amri zote zikatimia. Programu zilizoenea baadaye, kama AutoCAD ya mwaka 1982, zilianza kwa kuiga ubao wa mchoraji, yaani mistari juu ya karatasi isiyoonekana. Ilikuwa ni mwishoni mwa miaka ya 1980, kupitia Pro/ENGINEER, ndipo umbo zima lenye ujazo lilipoanza kuendeshwa na vipimo na amri katika kazi ya kila siku ya viwandani, na mwaka 1995 SolidWorks ikayaleta mambo hayo kwenye kompyuta za kawaida za Windows.

Anayeanza leo hukuta aina tatu za programu, zote zikiitwa kwa jina moja, na asipozitofautisha mapema atapoteza nguvu nyingi. Kuna zile za mistari kwenye bapa, kama LibreCAD, ambazo zinatosha kabisa kwa gasketi, bamba la jina au mchoro wa kukatia kwa leza. Kuna zile za kufinyanga nyuso, kama Blender, ambazo ni nzuri kwa sanamu na sura ya abiria wa garimoshi dogo, lakini hazina adabu ya vipimo inayohitajiwa na pistoni. Halafu kuna zile za maumbo mango yanayotawaliwa na parameta, yaani namba zinazoweza kubadilishwa wakati wowote, na hizo ndizo ninazozizungumzia katika makala haya, kwa sababu ndizo zinazofanana na namna fundi anavyofikiri: chukua kipande cha chuma, ondoa hapa, toboa pale, viringa kona hii.

Kazi katika programu ya aina hiyo huanza na mchoro wa msingi kwenye bapa moja, ambao baadaye husukumwa uwe na unene au huzungushwa kwenye mhimili uwe kitu cha mviringo. Kusukuma na kuzungusha ni mambo ya dakika chache kujifunza. Ugumu wote, na utamu wote, uko katika mchoro wa msingi na masharti yake. Duara lililochorwa kwenye bapa lina uhuru wa namna tatu: linaweza kwenda kushoto au kulia, linaweza kwenda juu au chini, na linaweza kukua au kupungua. Kila sharti unaloliweka huondoa sehemu ya uhuru huo. Programu huhesabu uhuru uliobaki na kukuonyesha. Katika FreeCAD, mojawapo ya programu hizo, kwa mipangilio yake ya kawaida, mistari hugeuka kijani pale ambapo hakuna kitu kinachoweza kusogea tena. Mwanafunzi huvutwa kujaza namba mpaka rangi ibadilike, na rangi itabadilika kweli, lakini mchoro huo utakuwa hauna akili.

Chukua bamba la upana wa milimita 40 lenye tundu katikati. Unaweza kuandika kwamba tundu liko milimita 20 kutoka ukingo wa kushoto, na utakuwa umesema kweli. Unaweza pia kuliwekea sharti la ulinganifu, kwamba umbali wake kutoka kingo zote mbili ni mmoja, bila kutaja namba yoyote. Kwenye kioo michoro hiyo miwili haina tofauti hata chembe. Bamba likipanuliwa kuwa milimita 44, wa kwanza unabaki na tundu lililokaa upande, na wa pili unabaki na tundu la katikati. Mchoraji wa pili alisema alichokitaka. Wa kwanza alisema kilichokuwepo siku ile. Ninaamini kwamba mtu akilielewa hili kwa undani, amejifunza zaidi ya nusu ya uchoraji wa aina hii, na yaliyobaki ni kujua kitufe kiko wapi.

Injini inayofundisha jambo hili vizuri kuliko nyingine zote, kwa maoni yangu, ni ile ndogo ya silinda inayoyumba, ambayo wengi huifanya kuwa injini yao ya kwanza kwa sababu haina vali ya kuteleza. Silinda imeshikiliwa kwa pini moja ubavuni, na fimbo ya pistoni imeshikwa moja kwa moja na pini ya kranki, yaani mkono unaoizungusha shafti, hivyo kranki ikizunguka silinda inayumba huku na huku kama bembea. Tundu moja kwenye silinda hupita mbele ya matundu mawili yaliyotobolewa kwenye bamba la kusimamia: moja linaleta mvuke na lingine linautoa. Kuyumba kwenyewe ndiyo vali.

Sasa tazama namna vipimo vinavyoshikana. Tuseme mwendo wa pistoni ni milimita 20, kwa hiyo pini ya kranki iko milimita 10 kutoka katikati ya shafti. Pini ambayo silinda inayumbia iko milimita 45 kutoka katikati hiyo hiyo ya shafti. Silinda hufikia mwisho wa kuyumba pale fimbo ya pistoni inapougusa kwa ubavu tu mduara wa kranki, na sini ya pembe hiyo ni 10 gawanya kwa 45, yaani pembe ya takriban nyuzi 12.8. Tundu la silinda likiwa milimita 15 kutoka kwenye pini ya kuyumbia, matundu ya bamba yanapaswa kuwa milimita 3.33 kila upande wa mstari wa katikati, yaani 15 mara 10 gawanya kwa 45. Pistoni ikiwa kwenye mwisho wa mwendo wake silinda imesimama wima, na tundu lake liko katikati ya hayo mawili. Kituo chake kiko takriban milimita 3.35 kutoka kituo cha kila moja. Matundu yote yakitobolewa kwa keekee ya milimita 3, kunabaki ukuta wa takriban theluthi ya milimita wa kuzuia mvuke usivuje kila upande. Ni ukuta mwembamba, lakini unatosha.

Mtu asiyependa injini kubwa akaamua kupunguza mwendo wa pistoni uwe milimita 16, kranki inakuwa 8, na matundu ya bamba yanapaswa kusogea mpaka milimita 2.67 kutoka katikati. Keekee ya milimita 3 sasa ni kubwa kuliko nafasi iliyopo. Silinda ikisimama wima, tundu lake linayagusa yote mawili kwa wakati mmoja, na mvuke unaoingia unapata njia ya kwenda nje moja kwa moja bila kuisukuma pistoni. Injini itapuliza na kuhema bila nguvu, na kwa macho hutaona kosa lolote, kwa kuwa kila kipande kimetengenezwa sawasawa na mchoro wake. Hesabu hii inaweza kufanywa kwa kalamu, na waliotutangulia waliifanya kwa kalamu. Tofauti ni kwamba katika mchoro wenye masharti mema haihitaji kukumbukwa. Unaandika kwenye jedwali la vipimo urefu wa kranki, umbali wa pini na umbali wa tundu. Nafasi ya matundu ya bamba inatokana na hayo. Na kipenyo cha tundu unakiandika kuwa ni nafasi hiyo ukiondoa ukuta unaoutaka. Ukibadilisha namba moja, injini nzima inajipanga upya, au inakataa kwa sauti kwamba ulichokiomba hakiwezekani.

Ndiyo maana nashauri jedwali la vipimo litengenezwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, na liwe fupi. Kwa injini kama hii namba sita au saba zinatosha kuitawala: kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni, umbali wa pini, umbali wa tundu, unene wa bamba, kipenyo cha shafti na ukubwa wa skrubu. Nyingine zote zinapaswa kuwa watoto wa hizo. Mara nyingi mimi huketi na karatasi na kujadiliana na nafsi yangu kama namba fulani ni mzazi au mtoto, na jioni hizo sizihesabu kuwa zimepotea, maana ndizo nilizozipata kuwa za uhandisi hasa.

Kuna jambo la pili linalomsumbua kila mwanafunzi, nalo ni mpangilio wa hatua. Programu hizi huhifadhi historia: kwanza bamba, kisha tundu, kisha kona iliyoviringwa, kila hatua ikisimama juu ya iliyotangulia. Ukichora tundu jipya kwa kulishikiza kwenye ukingo uliotokana na kuviringa kona, kisha ukaondoa kuviringa huko, tundu linabaki halina pa kushika. Programu hulazimika kubuni jina kwa kila uso na kila ukingo, na umbo likibadilika majina hayo yanaweza kuhama. FreeCAD iliteseka na tatizo hilo kwa miaka mingi, na toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 limelipunguza sana. Lakini hata pale programu inapojitahidi, nidhamu ya mchoraji ndiyo ulinzi wa kweli. Nidhamu yenyewe ni ile ile ya karakana: pima kila kitu kutoka uso mmoja ulionyooshwa kwanza, au kutoka mhimili mmoja, na usipime kamwe kutoka kwenye kona ambayo bado hujaimaliza. Bapa tatu za msingi ambazo programu inakupa tangu mwanzo hazihami kamwe. Michoro ishikizwe hapo, na kuviringa kona kuachwe mpaka mwisho, kama ambavyo fundi huondoa makali ya kingo baada ya kazi nzima kukamilika.

Kuhusu kuchagua programu sitakaa sana, kwa kuwa anayeanza hupoteza majira mazima akilinganisha badala ya kuchora. Fusion ya kampuni ya Autodesk ni laini kutumia na ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi, ila leseni hiyo inaweka kikomo cha nyaraka kumi zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape hufanya kazi ndani ya kivinjari, na kwa anayeitumia bure michoro yake huwa wazi kwa umma. OpenSCAD huunda maumbo kwa maandishi ya programu, na inawafaa wanaopenda kuandika kuliko kuburuta kipanya. Mimi nimeegemea FreeCAD, ambayo ni programu huria iliyoanza kutolewa mwaka 2002, kwa sababu faili zinabaki kwangu na hakuna anayeweza kubadilisha masharti ya leseni nikiwa katikati ya kazi ya miaka. Ni ngumu kidogo kuizoea. Yoyote utakayoichagua, hifadhi nakala ya kila kipande katika muundo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO 10303 na husomwa na karibu programu zote, maana injini ya mvuke hudumu kuliko programu iliyoichora.

Baada ya kuisifu kompyuta kiasi hiki, sharti niseme mahali inapopotosha. Kwenye kioo, shafti ya milimita 10 huingia katika tundu la milimita 10 bila ubishi. Karakanani hakuna kitu kama hicho: ama shafti haiingii, ama inaingia kwa nyundo na haitoki, ama inacheza. Kiwango cha kimataifa cha mikao, yaani namna shafti inavyokaa katika tundu lake, husema kwamba tundu la milimita 10 la daraja la H7 linaweza kuwa kubwa kuliko kipimo chake kwa kati ya sifuri na sehemu 15 za elfu moja ya milimita, na shafti ya g6 inayozunguka humo kwa ulaini iwe ndogo kwa kati ya sehemu 5 na 14 za elfu moja ya milimita. Hivi ni vipimo vya riima nzuri na maikromita, na mtengenezaji wa ridhaa anaweza kuvifikia kwa uvumilivu, lakini mchoro hautamkumbusha. Mimi huandika katika jedwali la vipimo mstari wa pekee wa nafasi kati ya shafti na beringi yake, hata kama ni sehemu ndogo mno isiyoonekana kwenye kioo, ili isije ikasahaulika katika karatasi ya karakana.

Upotoshaji mwingine ni wa pembe za ndani. Kompyuta huchora mfuko wa mraba wenye pembe kali kwa kubofya mara moja, ilhali kisu kinachozunguka ni cha mviringo na kitaacha kona yenye nusu kipenyo cha kisu hicho. Hali kadhalika na nati iliyokaa vizuri kabisa mahali ambapo spana haiingii, au skrubu ambayo hakuna njia ya kuifikisha kwenye tundu lake kwa kuwa silinda imeziba. Kwa hiyo katika kila muunganisho naiingiza spana yenyewe kama kipande kingine, na naizungusha. Ni kazi ndogo, na hakuna zoezi lililonifunza zaidi kuhusu mpangilio wa kufunga injini.

Kwa wale wanaofuata michoro ya zamani, ubadilishaji wa inchi unastahili tahadhari ya pekee. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na jambo hilo halina utata tangu mwaka 1959. Hatari iko katika kukata desimali. Sehemu 7 za 32 za inchi ni milimita 5.556, ukiandika 5.5 kwa kipande kimoja hakuna madhara, lakini ukiwa na vipande vitano vinavyopangwa mfululizo kwenye shafti moja umeshapoteza zaidi ya robo ya milimita, na gurudumu la mwisho halitakaa mahali pake. Njia ninayoiamini ni kuchora kwanza kila kitu kwa inchi kama kilivyo, kwa kuwa programu inakubali kuandikiwa inchi na kuzigeuza yenyewe, kisha kutafuta urefu mzima unaotawala, kuupatia namba nzuri ya milimita, na kuwaacha watoto wake wagawane mabaki. Skrubu nazo zinahitaji uamuzi. Michoro mingi ya Uingereza hutumia nyuzi za skrubu za BA (British Association), ambazo 0BA ni ya milimita 6 na hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1, hivyo anayeweka skrubu ya milimita ya M6 mahali pake anapata kipenyo na hatua ile ile, lakini pembe ya uzi wa BA ni nyuzi 47.5 na ya M6 ni 60, na bolti ya moja haipaswi kulazimishwa katika nati ya nyingine.

Umbo likishakamilika kwenye kioo, bado karatasi inahitajika. Niliwahi kusikia ikidaiwa kwamba michoro ya bapa imepitwa na wakati, na sikubaliani. Mashine ya kompyuta inaweza kusoma umbo moja kwa moja. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ya kukereza, mikono ikiwa na mafuta, anahitaji mwonekano wa mbele, wa juu na wa pembeni, pamoja na mkato unaoonyesha ndani. Programu hutoa mionekano hiyo yenyewe, ila haijui ni vipimo vipi vinavyomfaa fundi. Mfuniko wa silinda wenye bolti sita kwenye mduara wa milimita 30 unaweza kuandikwa kwa pembe za nyuzi 60, na mwenye meza ya kuzungusha ataridhika. Anayetumia meza ya kawaida yenye gurudumu la kusogeza huku na huku anataka aambiwe, kutoka katikati, milimita 15 kwa sifuri, kisha 7.5 kwa 12.99, na vivyo hivyo kwa pande zote. Namba hizo zisome kutoka kwenye umbo, uziandike kwenye karatasi, na usimwachie mtu afanye hesabu akiwa ameshika keekee.

Upande wenye furaha kubwa zaidi kwangu ni kuviunganisha vipande na kuvifanya visogee. Hapo mtu anaweza kukaribia mitambo ya vali ambayo kwenye karatasi hutisha. Mfumo wa Egide Walschaerts, fundi wa Ubelgiji aliyeubuni mwaka 1844, hujumlisha miendo miwili: mmoja hutoka kwenye kranki ndogo ya nje, na mwingine hutoka kwenye kichwa cha fimbo ya pistoni kupitia wenzo wima. Wenzo huo una mikono miwili isiyolingana, na uwiano wake hauchaguliwi kwa jicho. Pistoni ikiwa na mwendo wa milimita 40, na vali ikihitaji kufunika tundu la mvuke kwa milimita 2 na kulifungua mapema kwa 0.2, basi wenzo huo unapaswa kuisogeza vali milimita 4.4 kwa kila mwendo mzima wa pistoni, yaani mara mbili ya 2.2, na mikono yake iwe na uwiano wa 4.4 kwa 40. Nilipouandika uwiano huo kama sharti, kisha nikaizungusha kranki kwa kipanya na kuona vali ikiwa imeshafungua tundu kwa 0.2 ile ile kila pistoni inapofika mwisho, mbele na nyuma, nilielewa jambo ambalo maelezo ya maneno yalikuwa hayajanipa.

Boila naliweka kando ya furaha hiyo. Programu itachora boila lolote, na baadhi zitaonyesha hata rangi za mkazo, lakini mimi huchora tu yale ambayo yamekwisha kujengwa na kupimwa kwa shinikizo la maji na watu wenye ujuzi, bila kubadilisha unene wa bamba wala idadi ya vishikizo vyake. Katika jambo hili uhuru wa ridhaa una mpaka, na naufurahia.

Wapo wanaotumia michoro yao kuchapa violezo vya plastiki kwa ajili ya kusubu chuma, na ni njia nzuri ya kupata mguu wa injini au gurudumu tegemeo ambalo haliuzwi popote. Jedwali la vipimo linasaidia hapa pia: chuma cha kusubu husinyaa kwa takriban asilimia 1 kikipoa na aluminiamu zaidi kidogo, kwa hiyo kiolezo kinapaswa kukuzwa kwa kiasi hicho, kiongezwe nyama mahali patakapokerezwa, na kuta zake zilazwe nyuzi chache ili kitoke mchangani bila kuubomoa. Kumbuka kwamba faili ya STL inayopelekwa kwenye printa haibebi kizio cha kipimo. Namba 25 ndani yake inaweza kusomwa kuwa milimita au inchi.

Kwa anayeuliza aanzie wapi, jibu langu ni kipande cha chuma alichonacho mkononi, na si zoezi la video. Chukua pistoni, kitako cha beringi au mpini wa mashine, kipime kwa kalipa, na ukichore mpaka mchoro wako uweze kukuzwa maradufu bila kuvunjika. Hilo la kukuzwa ndilo jaribio. Kufanana kwa sura hakuthibitishi kitu. Kisha chora injini ya silinda inayoyumba nzima, na uitengeneze. Usichore nyuzi za skrubu, kwa kuwa zinailemea kompyuta na hazikufundishi lolote. Tundu lenye kipenyo cha keekee ya kutangulia na maandishi ya M3 kando yake yanatosha. Usichore ribiti zote mia za boila pale ambapo moja na amri ya kuirudia inafaa. Na vipande vya bamba na shafti vikishakubali kubadilishwa namba bila kulalamika, chapisha karatasi zake na uanze kukata, hata kama stendi ya injini na bomba la kutolea mvuke bado hazijachorwa, kwa sababu nafasi ya bomba hilo utaijua vizuri zaidi ukiwa na silinda halisi mkononi, na kwenye jedwali kutakuwa na mstari unaoisubiri.